Jina Mlangoni: Sera ya Ufini ya Kupunguza Ukosefu wa Makazi na Swali Lake kwa Diakonia ya Kanisa

1. Utangulizi

Mwaka 2007 watu wanne walioteuliwa na serikali ya Ufini walitoa taarifa yenye anwani ya maneno mawili tu, Nimi ovessa, yaani "Jina mlangoni". Watu hao walikuwa Paavo Voutilainen, mkurugenzi wa huduma za jamii wa mji wa Helsinki. Ilkka Taipale, daktari na mbunge wa zamani. Hannu Puttonen, mkurugenzi wa taasisi ya nyumba iitwayo Y-Säätiö. Na Eero Huovinen, Askofu wa Kilutheri wa Helsinki. Walipewa kazi ya kushauri jinsi ya kuwasaidia watu waliokuwa wameishi bila makazi kwa muda mrefu, na ambao misaada yote iliyokuwapo ilikuwa imeshindwa kuwainua.

Anwani ile haikuchaguliwa kwa urembo wa maneno. Katika majengo ya ghorofa ya nchi ile, jina la mkazi huandikwa kwenye mlango wake, na hapo ndipo mleta barua anapojua nani anaishi wapi. Mtu alalaye katika bweni la hisani hana mlango wa kuandikwa jina. Ana kitanda cha usiku mmoja, na asubuhi huambiwa atoke. Wale wanne walisema kwamba kila mtu apewe kwanza mlango wake mwenyewe, na mengine yote yafuate.

Makala haya yana nia mbili. Kwanza, tunataka kueleza sera hiyo ilivyotokea, inavyofanya kazi, ilikofika na ilikokwama. Pili, tunataka kuuliza swali ambalo sera hiyo inaliweka mbele ya kila mchungaji na kila mwanafunzi wa theolojia: je, mtu aliyeanguka tumtake atengemae kwanza ndipo tumpe mahali pa kuishi, au tumpe mahali pa kuishi ili aweze kutengemaa? Swali hili si la Wafini peke yao. Ni swali la diakonia yetu pia.

2. Hali ilivyokuwa kabla ya sera

Ufini ni nchi ya baridi kali, na mtu asiye na paa wakati wa kipupwe yu karibu na kifo. Mwaka 1967, wakati watu wasio na makazi walipokuwa wakifa kwa baridi mjini Helsinki, kilianzishwa chama cha hiari kilichoitwa Marraskuun liike, yaani Harakati ya Novemba. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Ilkka Taipale, ambaye miaka 40 baadaye alikuwa miongoni mwa wale wanne tuliowataja.

Jibu la wakati ule lilikuwa mabweni. Mnamo 1985 mji wa Helsinki peke yake ulikuwa na vitanda 2,121 katika mabweni na nyumba za kulala wasio na makazi. Mwaka huohuo ilianzishwa Y-Säätiö, kwa ushirikiano wa miji mikubwa, Msalaba Mwekundu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri na wadau wengine. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza, ingawa haikuwa rahisi kutenda: kununua nyumba mojamoja katika majengo ya kawaida, katikati ya wakazi wengine, na kuwapangisha watu wasioweza kupata nyumba kwa njia nyingine.

Mwaka 1987 ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Makazi kwa Wasio na Makazi, na tangu hapo Ufini imekuwa ikihesabu watu wake wasio na makazi kila mwaka katika mwezi wa Novemba. Hesabu za mwanzo zilionyesha watu wapatao 18,000. Ikumbukwe kwamba Wafini hawahesabu tu wale walalao nje au mabwenini. Huwahesabu pia wale wanaojihifadhi kwa muda kwa jamaa na marafiki kwa kuwa hawana pao, na hao ndio walio wengi katika hesabu. Jambo hili tutalirudia mwishoni.

Kufikia 2008 hesabu ilikuwa imeshuka hadi watu kama 8,000. Nyumba zilizonunuliwa na kujengwa zilikuwa zimewafaa wengi. Hata hivyo, lilibaki kundi moja ambalo halikupungua, la watu wapatao 3,600 waliokuwa bila makazi kwa mwaka mzima na zaidi, au kwa kurudiarudia, na ambao wengi wao walikuwa wafungwa wa pombe au dawa za kulevya, au wagonjwa wa akili, au yote kwa pamoja. Kwa ajili ya kundi hili ndipo wale wanne walipoitwa.

3. Ngazi yenye vidato vingi

Ili tuelewe walichopendekeza, hatuna budi kwanza kuelewa walichokikataa. Katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani, msaada kwa wasio na makazi ulipangwa kama ngazi. Kidato cha chini kabisa ni bweni la usiku. Mtu akionyesha kwamba ameacha pombe, hupandishwa hadi chumba cha kuishi pamoja na wengine chini ya usimamizi. Akidumu katika hali hiyo na kufuata matibabu, hupewa makazi ya muda. Akishinda na hapo, ndipo hustahili nyumba yake mwenyewe. Akiteleza katika kidato chochote, hurudishwa chini kuanza upya.

Mpango huu una mantiki yake, nao ulibuniwa na watu wenye nia njema. Walihofia kwamba mlevi akipewa nyumba ataiharibu, na kwamba kumpa kabla hajaacha ulevi ni kumsaidia aendelee nao. Lakini uzoefu ulionyesha kwamba ni wachache waliofika juu. Sababu si ngumu kuiona. Mtu anatakiwa aache pombe huku akilala chumba kimoja na walevi kumi. Ameze dawa zake kwa saa zilizopangwa huku hana kabati la kuziwekea. Atafute kazi huku hana anwani. Anadaiwa matunda kabla ya kupewa udongo wa kupandia.

Njia nyingine ilijaribiwa mjini New York mwaka 1992, pale mwanasaikolojia Sam Tsemberis alipoanzisha shirika la Pathways to Housing. Watu wenye maradhi ya akili waliokuwa wakiishi barabarani walipewa nyumba moja kwa moja, pasipo sharti la kuacha kwanza pombe wala kukubali kwanza matibabu. Msaada wa waganga na wa maafisa ustawi wa jamii uliwafuata nyumbani, nao walikuwa huru kuupokea. Njia hiyo iliitwa Makazi Kwanza.

Kanada nayo ilifanya majaribio makubwa katika miji mitano kati ya 2009 na 2013, yaliyohusisha zaidi ya watu 2,000 waliogawanywa kwa kura, baadhi wakipata Makazi Kwanza na wengine wakipata huduma za kawaida. Waliopewa makazi kwanza walidumu katika nyumba kwa kiasi kikubwa kuliko wenzao. Lakini kwa upande wa ulevi na dalili za maradhi ya akili, makundi yote mawili yalipata nafuu kwa kiasi kinachokaribiana. Tunayataja haya kwa uwazi, maana watetezi wa njia hii wakati mwingine huahidi kupita kiasi. Makazi Kwanza huondoa ukosefu wa makazi. Hayadai kuwa dawa ya kila donda.

4. Mpango wa taifa

Tofauti ya Ufini na nchi nyingine ni kwamba haikuishia katika majaribio. Kuanzia 2008 wazo hili lilifanywa sera ya taifa zima. Mpango wa kwanza, ulioitwa kwa kifupi PAAVO, uliendelea hadi 2011, ukiwa na lengo la kupunguza kwa nusu idadi ya waliokosa makazi kwa muda mrefu. Serikali kuu iliandikiana mapatano na miji 10, kila mji ukitaja idadi ya nyumba utakazotoa, na jumla ikapangwa kuwa 1,250. Mpango wa pili ulikuwa wa 2012 hadi 2015. Baada yake ulifuata mwingine wa 2016 hadi 2019, uliotia mkazo katika kuzuia watu wasipoteze nyumba walizo nazo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mpangaji hupewa mkataba wa kawaida, wenye haki zilezile na wajibu uleule wa mpangaji mwingine yeyote. Hulipa kodi ya pango, na kama kipato chake hakitoshi husaidiwa na posho ya makazi itolewayo na serikali kwa raia wote wenye kipato kidogo. Hufunga mlango wake kwa ufunguo wake. Hatakiwi kuacha pombe ili abaki na nyumba. Hutakiwa kulipa kodi na kutowasumbua majirani. Msaada wa kijamii na wa afya upo, tena ni mwingi, lakini umetengwa na mkataba: akiukataa leo, hafukuzwi, na kesho huulizwa tena.

Jambo lililohitaji ujasiri zaidi lilikuwa kuyafunga mabweni. Kutoka vitanda 2,121 vya mwaka 1985, mji wa Helsinki ulibakiwa na vitanda 558 mwaka 2008, na 52 tu mwaka 2016. Majengo mengi hayakubomolewa, bali yaligeuzwa. Mfano unaojulikana sana ni jengo la Jeshi la Wokovu katika barabara ya Alppikatu. Lilikuwa bweni la watu 250. Mnamo 2012 lilifunguliwa upya likiwa na nyumba ndogo zipatazo 80, kila moja na jiko lake, bafu lake na mlango wake, na wafanyakazi wa msaada ndani ya jengo hilohilo. Taasisi ya Mashemasi ya Helsinki, iliyoanzishwa na Aurora Karamzin mwaka 1867 wakati wa njaa kuu, nayo ilishiriki kwa kuendesha makazi ya namna hiyo.

Tunamwomba msomaji atue kidogo hapa. Vyombo vya huruma, vingine vikiwa vya Kikristo, vilikubali kufunga huduma ambayo ilikuwa imewapatia sifa njema, kwa sababu ilionekana kwamba bweni linamhifadhi mtu usiku huu lakini linamwacha katika hali ileile mwaka ujao. Kitanda kilichojaa kila usiku chaweza kudhaniwa kuwa ushahidi wa huduma iliyofanikiwa. Wafini walikisoma kama ushahidi wa mtu ambaye bado hana kwake.

5. Matokeo na mipaka yake

Kati ya 2008 na 2015 idadi ya waliokosa makazi kwa muda mrefu ilipungua kwa watu 1,345, yaani takriban asilimia 35. Lengo la kupunguza kwa nusu halikufikiwa kwa wakati uliowekwa, lakini mwelekeo haukugeuka. Hesabu ya jumla iliendelea kushuka mwaka hata mwaka, hadi ikafika watu 3,429 mwaka 2023. Katika kipindi ambacho nchi nyingi za Ulaya ziliona hesabu zao zikipanda, Ufini ilisimama karibu peke yake.

Gharama je? Uchunguzi uliofanywa katika jengo moja la mjini Tampere lenye wakazi wachache ulionyesha kwamba jamii iliokoa kati ya euro 14,000 na 15,000 kwa mwaka kwa kila mkazi, kwa kuwa mtu aliye na nyumba na msaada hahitaji mno huduma za dharura, polisi na hospitali. Jengo moja si nchi nzima, na hesabu hiyo ichukuliwe hivyo. Hata hivyo inatukumbusha kwamba kumwacha mtu barabarani nako kuna gharama, ingawa haiandikwi katika bajeti yoyote.

Mipaka nayo ipo, na hatupaswi kuinyamazia. Mosi, sera hii ilisimama juu ya msingi wa nyumba nyingi za kupangisha zilizojengwa kwa msaada wa serikali, na juu ya miji yenye ardhi yake yenyewe. Helsinki inamiliki sehemu kubwa ya ardhi iliyo ndani ya mipaka yake. Palipo na uhaba wa nyumba, kusema "makazi kwanza" ni kutamka neno tu.

Pili, sehemu ya fedha ilitoka mahali penye kuleta mashaka. Y-Säätiö ilinunua nyumba zake nyingi kwa msaada wa RAY, shirika lililokuwa na haki ya pekee ya kuendesha mashine za kamari nchini hadi lilipounganishwa na mashirika mengine mwaka 2017. Wapo waliofilisika kwa mashine hizo, na baadhi yao huenda walipoteza nyumba. Kanisa linaloshiriki katika kazi njema haliondolewi wajibu wa kuuliza fedha zimetoka wapi.

Tatu, ufunguo hauondoi upweke. Mtu aliyezoea kelele za bweni kwa miaka mingi hujikuta katika chumba kimya. Wengine huwakaribisha rafiki zao wa zamani, na nyumba ikageuka kilinge cha ulevi. Majirani nao, katika mitaa kadhaa, walipinga kujengewa makazi ya namna hiyo karibu nao. Mambo haya yalihitaji watu wa kukaa, kuzungumza na kupatanisha, si wajenzi tu.

Nne, sera huishi kwa utashi wa watawala. Mwaka 2024 hesabu ilipanda kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 10, ikafika watu 3,806. Mwaka huohuo posho ya makazi ilikuwa imepunguzwa. Lengo lililotangazwa la kumaliza kabisa ukosefu wa makazi wa muda mrefu ifikapo 2027 lilibaki katika maandishi, lakini njia ya kulifikia iliingia miiba.

6. Tafakari ya kiteolojia

Baada ya kuyaeleza hayo, sasa tugeukie swali letu. Wako wanaosema kwamba Makazi Kwanza ni mafundisho ya kuhesabiwa haki kwa neema yaliyovikwa vazi la sera: kipawa hutangulia, matengenezo hufuata. Ufanano huo upo, nasi tunakubali kwamba Mlutheri anayeitazama ile ngazi yenye vidato hawezi kuikosa harufu ya wokovu kwa matendo. Lakini tunashauri tahadhari. Neema ni tendo la Mungu kwa mwenye dhambi kwa ajili ya Kristo. Mkataba wa pango ni jambo la utawala wa dunia hii. Una kodi, una masharti, na asiyeyatimiza aweza kutolewa. Tukizichanganya tawala mbili, tutaifanya serikali kuwa mwokozi na Injili kuwa idara ya ustawi wa jamii.

Msingi ulio imara zaidi tunao karibu. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoeleza kifungu cha kwanza cha Imani anaitaja nyumba miongoni mwa vipawa ambavyo Muumba humpa mwanadamu pasipo stahili yake. Na anapoeleza ombi la mkate wa kila siku anaitaja tena, pamoja na chakula, mavazi na majirani wema. Kila kipaimara amejifunza hayo. Kama nyumba ni sehemu ya mkate wa kila siku, basi yeye anayeomba Sala ya Bwana anawaombea makazi wasio na makazi, na hawezi kuinuka katika sala hiyo akakihesabu kilio chao kuwa jambo la kidunia lisilomhusu.

Aidha, tangu mwanzo Matengenezo hayakuliacha jambo hili kwa hisani ya mtu mmojammoja. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig katika Saksonia ulianzisha hazina ya pamoja ya kuwatunza maskini, na Luther aliiandikia dibaji kuiunga mkono. Tayari mwaka 1520 alikuwa amesisitiza kwamba kila mji uwatunze maskini wake ili pasiwe na haja ya kuombaomba. Askofu wa Helsinki alipoketi pamoja na mkurugenzi wa mji, daktari na mkurugenzi wa nyumba, hakuwa ametoka nje ya wito wake. Alikuwa katika njia ya zamani ya Kanisa lake.

Maandiko nayo yanauheshimu mlango wa maskini. Katika Kumbukumbu la Torati 24:10-11 mkopeshaji anakatazwa kuingia nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani; anatakiwa asimame nje, hadi mwenye nyumba mwenyewe amletee. Mtu anaweza kuwa na deni, hata la aibu, na bado kizingiti chake kikawa kizingiti chake. Kadhalika Mika 2:9 inawashutumu wenye nguvu kwa kuwafukuza wanawake katika nyumba zao nzuri, na Isaya 58:7 inahesabu kumleta nyumbani maskini aliyetupwa nje kuwa sehemu ya saumu ya kweli. Na katika Luka 15 baba hakumtaka mwanawe akaoge kwanza ndipo avikwe. Joho lilitangulia.

Huenda msomaji akatukumbusha 2 Wathesalonike 3:10, kwamba asiyetaka kufanya kazi, asile. Ni ukumbusho wa haki. Lakini Paulo anasema juu ya asiyetaka, si juu ya asiyeweza. Naye anawaandikia watu wenye makao na usharika wa kuwaonya. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo nayo inadhani kwamba mgeni amekwisha kulala siku mbili chini ya paa, akala, akapumzika, na kwamba shamba la kulima lipo. Kumdai jembe yule aliyelala barazani usiku kucha akijilinda na wezi ni kuianza methali mwishoni.

7. Yatupasayo watumishi

Hatudai kwamba sera ya Ufini yaweza kuhamishwa kama ilivyo hadi katika nchi zetu, ambako serikali hazina hazina ile, nyumba nyingi za kupanga ni za watu binafsi, na umaskini una sura nyingine. Tunadai tu kwamba zipo hatua tatu ambazo usharika wowote unaweza kuzichukua kuanzia sasa.

Ya kwanza ni kuhesabu. Tumekwisha kuona kwamba Wafini humhesabu pia yule aishiye kwa jamaa kwa sababu hana pake. Kwetu, ukarimu wa ukoo umewaokoa wengi wasilale nje, na tunamshukuru Mungu kwa huo. Lakini ukarimu huo pia huwaficha. Binti anayelala sebuleni kwa shangazi, akihamishwahamishwa kila mwezi, haonekani katika orodha ya wahitaji kwa kuwa ana paa juu ya kichwa. Mzee wa kanisa aujuaye mtaa wake anaweza kuwataja watu hao kwa majina. Kuwataja ndio mwanzo wa kuwasaidia.

Ya pili ni kuzuia. Wafini walitambua kwamba ni rahisi kumzuia mtu asitolewe nyumbani kuliko kumtafutia nyumba baada ya kutolewa. Kwa hiyo waliweka washauri wa makazi, ambao huzungumza na mpangaji na mwenye nyumba mapema, malimbikizo ya kodi yanapoanza. Kwetu, mchungaji husikia mapema kuliko mahakama. Yeye ndiye anayeitwa kwenye msiba, naye aweza kujua kwamba baada ya matanga ndugu wa marehemu watamtaka mjane atoke. Akinyamaza siku hiyo, usharika utakuja kumchangia mjane huyo nauli na blanketi baadaye. Akisema kwa wakati, akisimama pamoja na wazee na kumwelekeza mjane kwenye msaada wa sheria, pengine blanketi halitahitajika. Vivyo hivyo, mpangaji wa mjini anayetakiwa kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo aweza kuokolewa na mkopo mdogo wa mfuko wa diakonia, kiasi ambacho hakitamtosha akisha kutupwa nje pamoja na watoto.

Ya tatu ni kuyachunguza masharti yetu. Katika Kanisa la Ufini kila usharika una wajibu, kwa sheria ya Kanisa, wa kuwa na mtumishi wa diakonia. Na mtumishi huyo humsaidia mtu pasipo kumuuliza kwanza kama anahudhuria ibada. Ni vema kila halmashauri ya usharika ijiulize: yule anayebisha mlango wa ofisi yetu akinuka pombe, anaambiwa nini? Anaambiwa arudi akiwa amebadilika, au anaulizwa usiku huu atalala wapi? Hatusemi kwamba asionywe. Tunasema kwamba onyo husikika vema na mtu aliyeketi.

8. Hitimisho

Tumeeleza jinsi nchi moja ya Kilutheri ilivyoacha kuwapandisha watu ngazi na badala yake ikawapa milango. Haikufanya hivyo kwa maneno, bali kwa kununua nyumba, kugeuza mabweni, kuandikiana mapatano na miji na kuhesabu watu wake kila mwaka pasipo kuficha. Imefanikiwa kwa sehemu kubwa, na mahali ilipolegea matokeo yameonekana upesi.

Kwa Kanisa, fundisho kuu tunalolipata ni hili: huruma hupimwa kwa hali ya yule anayehurumiwa, si kwa wingi wa kazi ya yule anayehurumia. Huduma yetu ikimwacha mtu mwaka hata mwaka mahali palepale, akipanga foleni ileile, hatuna budi kuitazama upya, hata kama ina jina jema na wafadhili waaminifu. Jina linalopaswa kuandikwa mlangoni si la mfadhili wala la usharika. Ni la yule aishiye ndani.